Kanda za Barabara ya Pugu Zilivyosikika Vuga

Historia ya muziki wa Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20 haiandikiki bila kuitaja studio moja, ile ya Redio Tanzania Dar es Salaam iliyokuwa Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere. Studio inayozungumzwa hapa ni chumba kilichozibwa kuta zake ili sauti za nje zisipenye na za ndani zisirudi kwa mwangwi, pamoja na chumba cha pili kilichotengwa nacho kwa kioo, ambamo fundi mitambo hukaa akisikiliza, akipima ukubwa wa kila sauti na kuendesha mashine ya kunasia. Ndani ya chumba hicho, kwa takriban miongo mitatu, zilipita karibu bendi zote za dansi zilizokuwa na jina nchini, pamoja na vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma. Na kwa kuwa hapakuwa na studio nyingine nchini iliyopokea wanamuziki wengi kiasi hicho, kilichoingia humo kikabaki, na kisichoingia, kwa sehemu kubwa, kimekwenda na waliokiimba.

Makala haya yanaitazama studio hiyo kutoka mbali, yaani kutoka Vuga, makao ya kale ya watawala Wakilindi yaliyo juu ya Soni katika Milima ya Usambara, ambako mwandishi alikulia miongoni mwa watu walioijua studio kwa masikio tu. Umbali huo una faida yake. Anayekaa karibu na studio humjua mpiga gitaa kwa sura, hujua nani kagombana na nani katika bendi, na mara nyingi huihukumu kazi kwa habari hizo. Anayekaa mlimani hupokea kile kilichonaswa peke yake, na kwa hiyo huona mapema zaidi ni kipi kilichonaswa na ni kipi kilichoachwa nje ya mlango.

Isitoshe, Vuga haikuwa ngeni katika kazi ya kuhifadhi maneno. Katika zama za mtawala Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ndipo palipokuwa makao ya dola ya Wakilindi, na habari za nasaba, mashauri na mipaka zilitunzwa vichwani mwa wazee waliokabidhiwa jukumu hilo. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika huko mwaka 1848 na kuandika aliyoyaona. Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy, aliyewatumikia watawala wa eneo hilo kabla ya kuandika, aliziweka simulizi za mdomo katika kitabu cha Kiswahili kinachojulikana kwa jina la Habari za Wakilindi. Misheni ya Kilutheri iliyofika Vuga mwaka 1895, kutoka chama cha wamisionari ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Betheli, ilileta uchapaji, na katika miongo ya kati ya vita viwili vya dunia vitabu vya Kishambaa na vya Kiswahili vilikuwa vikitoka Vuga: vya ibada, vya nyimbo na vya shule. Mtambo uliovichapa ndio uliokuja kujulikana kote nchini kwa jina la Vuga Press, jina lililobaki lile lile hata pale anwani iliposomeka Soni. Kitabu kilichotoka humo kilikuwa na desturi ya kubeba jina la aliyekichapa, mahali kilipochapwa na mwaka. Desturi hiyo inaonekana ndogo, na huenda msomaji wa kawaida aliupita ukurasa huo bila kuusoma, lakini ndiyo inayowezesha leo kusema kwa uhakika kitabu fulani ni cha lini na cha wapi.

Basi milima hii ilikuwa na wino tangu zamani, ila haikuwa na kinasa sauti. Kitabu cha nyimbo za ibada kiliweza kuyatunza maneno, na pale mwalimu wa kwaya alipoongeza nota za sol-fa, yaani maandishi yanayotumia herufi za do, re, mi kuonyesha sauti inavyopanda na kushuka, kiliweza kuyatunza pia mahadhi ya wimbo. Hakikuweza kutunza namna waimbaji wa Vuga walivyouvuta wimbo wa Kijerumani ukafanana na mwendo wa sauti zao wenyewe, wala mlio wa tarumbeta za shaba ambazo misheni ya Betheli ilizipenda sana. Na kwa ngoma kama mdumange, ambayo kwa Washambaa ni mwendo wa mwili na wa sauti kwa wakati mmoja, kitabu hakikuwa na la kufanya. Kwa kazi hiyo ilihitajika studio, na studio ilikuwa Dar es Salaam.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ambacho kwanza kilisikika mjini na kandokando yake tu. Kiliitwa baadaye Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, miaka minne baada ya uhuru, serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya wizara ya habari kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam, au RTD kama wengi walivyozoea kuiita. Badiliko hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwa muziki. Redio ya serikali changa, iliyotaka watu wa makabila zaidi ya mia moja wajione kuwa ni wamoja, haikuweza kujaza saa zake za matangazo kwa santuri za nje. Na kwa kuwa nchini hapakuwa na kampuni kubwa ya kurekodi, ilibidi yenyewe inase muziki ambao ingeupiga. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 haja hiyo ikawa sera: muziki wa Kitanzania upewe nafasi ya kwanza, na uimbwe kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo chombo cha habari kilivyogeuka kuwa mnasaji mkuu wa muziki wa nchi, kazi ambayo katika mataifa mengi ilifanywa na wafanyabiashara.

Vuga iliipokea kazi hiyo kwa redio za betri. Wale waliokuwa watoto katika miaka ya 1970 wanaikumbuka redio iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, waya wa shaba uliotoka nyuma yake, ukapita dirishani na kufungwa juu ya mkaratusi ili masafa mafupi yanaswe vizuri, na betri kubwa zilizopangwa juani juu ya ungo mchana kutwa, kwa imani, ambayo haikuwa ya bure kabisa, kwamba joto lingezirudishia nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu za jioni. Ukungu ulipofunga bonde, sauti ilikuja na kuondoka. Hata hivyo majina yalishikwa upesi: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Urafiki, Vijana, na kwa fahari ya pekee Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, kwa sababu Tanga ndiyo makao makuu ya mkoa na Mshambaa aliyeshuka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge au bandarini alirudi na habari za bendi hizo.

Jambo ambalo wasikilizaji hao hawakulitambua wakati ule, na ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo walizozijua kwa moyo hazikuwa zimetolewa kwenye santuri. Zilikuwa katika utepe mmoja, ndani ya boksi moja, kwenye rafu moja Barabara ya Pugu. Wimbo ungeweza kuimbwa na watoto wa shule kutoka Mlalo hadi Bumbuli na usipatikane katika duka lolote la Mombo wala la Tanga. Aliyeutaka tena ilimbidi aandike barua ya maombi na kungoja siku ambayo mtangazaji angelisoma jina lake. Nchi nzima ilikuwa ikiishi juu ya nakala moja, na hali hiyo ilionekana ya kawaida kwa kuwa redio haikuwahi kunyamaza.

Namna nyimbo hizo zilivyonaswa inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu mbinu iliyotumika ndiyo iliyoupa muziki wa dansi umbo lake. Bendi ilipotaka kurekodi ilitanguliza mashairi yake kwa maandishi, yakasomwa na kamati iliyokuwa na mamlaka ya kuyakubali, kuyataka yarekebishwe au kuyakataa. Yalipopita, bendi ilipangiwa siku, ikaingia studio na vyombo vyake: gitaa la solo, la rithimu na la besi, tumba, ngoma za kizungu, tarumbeta, na saksafoni ambayo mashabiki waliipa jina la mdomo wa bata. Maikrofoni zilikuwa chache kuliko wanamuziki. Mashine haikuwa na nafasi ya kunasa kila chombo peke yake ili baadaye vichanganywe, kama inavyofanyika sasa. Kila kilicholia kililia kwa wakati mmoja na kikaingia pamoja kwenye utepe. Kwa hiyo usawa wa sauti ulipatikana kwa miguu: mwimbaji alisogezwa karibu, mpiga ngoma akarudishwa nyuma, mpuliza tarumbeta akapiga hatua mbele zamu yake ilipofika na kurudi nyuma ilipokwisha. Mtu mmoja akikosea katika dakika ya tano, wote walianza upya.

Matokeo ya utaratibu huo yanasikika hadi leo. Kwanza, bendi haikuweza kuingia studio ikiwa haijaiva, kwa sababu chumba hakikusamehe. Wimbo ulikuwa umepigwa ukumbini mara nyingi mbele ya wachezaji kabla haujapelekwa Pugu, na wachezaji wenyewe walikuwa wameshasaidia kuamua sehemu ipi irefushwe na ipi ikatwe. Pili, utepe ulitoa muda ambao santuri haikuutoa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu au nne upande mmoja, na ndiyo maana nyimbo nyingi zilizouzwa Nairobi ziligawanywa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili, msikilizaji akalazimika kuigeuza santuri pale pale bendi ilipoanza kupata moto. Redioni wimbo uliachiwa uende mwendo wake: mashairi yakaimbwa taratibu, kisha ikaja chemko, yaani sehemu ya mwisho ambapo kasi huongezeka, magitaa yakajibizana na jina la mtindo wa bendi, kama Msondo au Sikinde, likaitwa. Ni haki kusema kwamba ukamilifu huo wa dansi ya Tanzania, unaoitofautisha na rumba iliyofupishwa kwa ajili ya soko, ni zao la chumba ambacho hakikuwa kinauza kitu.

Kuhusu kamati ya mashairi, hukumu haiwezi kuwa nyepesi. Ni kweli kwamba ilizuia, na ni kweli kwamba uzuiaji huo uliendelea hata pale ulipokosa busara. Mambo kwa Soksi, wimbo wa Remmy Ongala uliowahimiza watu kutumia kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukiua, ulinyimwa nafasi redioni, na vijana waliohitaji kuusikia wakausikia kwenye kaseti na kumbini. Lakini ni kweli pia kwamba mtunzi aliyejua kwamba shairi lake litasomwa kabla ya kuimbwa alilifanyia kazi, akaficha lawama ndani ya mafumbo, akalieleza taifa kwa kisa cha mume na mke. Mzee wa Vuga, aliyelelewa katika baraza ambamo mtu hakumwambia mkubwa jambo zito waziwazi, aliyafumbua mafumbo hayo bila shida. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ile isiyopimika: nyimbo ambazo hazikuandikwa kabisa kwa sababu mtunzi alijua hazingepita.

Suala la umiliki lilikuwa zito zaidi, ingawa lilizungumzwa kidogo. Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Mlimani Park, iliyotamba kuanzia 1978, ikaja kuwa ya shirika la maendeleo la jiji na kuitwa DDC. Taasisi ilinunua vyombo, ikawalipa wanamuziki mshahara, jambo lililowapa heshima na uhakika ambao wenzao wa awali hawakuwa nao. Studio nayo ilikuwa ya serikali, na ilipomaliza kunasa ilitoa malipo madogo ya mara moja. Hivyo wimbo ulikuwa na mwenye vyombo, ulikuwa na mwenye utepe, na aliyeutunga kichwani mwake hakubaki na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ni wake. Redioni lilitajwa jina la bendi na la wimbo. Mpiga rithimu aliyeubeba wimbo mzima kwa vidole vyake mara nyingi hakutajwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha chama cha hakimiliki, COSOTA, ilikuja wakati wengi wa watunzi hao wamezeeka au wamezikwa: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, Mbaraka Mwinshehe 1979, Marijani Rajab 1995.

Aliyetaka santuri alikwenda Kenya. Huko Nairobi kulikuwa na studio za biashara na mitambo ya kubonyeza santuri, yaani kuugandamiza mfereji wa sauti kwenye sahani ya plastiki, na Mombasa kulikuwa na wachapishaji wa taarabu walioipokea vizuri sauti ya Tanga, sauti ya vikundi vya Black Star na Lucky Star na ya mwimbaji Shakila Said. Mbaraka Mwinshehe, ambaye akiwa na Morogoro Jazz alikuwa amefika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970, alipata mauzo makubwa ya santuri kupitia Nairobi. Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz mjini Tanga, walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika, bendi ambayo matawi yake, likiwemo Les Wanyika, yaliimba Kiswahili cha Tanga mbele ya Afrika Mashariki nzima kwa jina la Kenya. Mkoa wa Tanga, kwa hiyo, ulitoa wanamuziki na haukubaki na kanda. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kubaki hivyo hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba, na umuhimu wa studio ya Pugu ukaongezeka bila fedha zake kuongezeka.

Kwa wana-kwaya wa Usambara palikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1963 ulikuwa mwaka mkubwa kwa Walutheri: mwezi Februari redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, Sauti ya Injili, ilianza kutangaza kutoka Addis Ababa, na tarehe 19 Juni makanisa saba ya Tanganyika, mojawapo likiwa la Usambara-Digo, yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo linaitwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Vipindi vya Kiswahili vya redio hiyo vilitengenezwa katika studio ya Moshi, kisha kanda zikapelekwa Ethiopia kurushwa hewani. Kwaya ziliitazama Moshi kama vile bendi zilivyoitazama Pugu, na mwalimu wa kwaya aliyeota wimbo wake usikike nje ya usharika alijua pa kuelekea. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliutaifisha mtambo wa Addis Ababa, na sauti hiyo ikakatika katikati ya mwaka wa kanisa. Studio ya Moshi haikufa. Ilikuwa imepoteza mnara, haikuwa imepoteza chumba wala ujuzi, na katika miaka ya 1990 sheria za utangazaji zilipolegezwa ikawezekana kusikika tena kwa masafa ya FM. Tukio hilo linafundisha kutofautisha vitu viwili ambavyo msikilizaji huvichanganya: kurusha na kunasa. Kurusha kunaweza kukomeshwa kwa amri ya siku moja. Kilichonaswa, kikiwa kimetunzwa, huingoja siku nyingine.

Kikiwa kimetunzwa: hapo ndipo penye uzito. Utepe wa sumaku ni ukanda mwembamba wa plastiki, upana wake robo inchi, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi maalumu. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme ukawa sumaku, na unga huo ukashika alama ya sumaku kadiri ukanda unavyopita mbele ya kichwa cha mashine. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, uliozoeleka redioni, utepe wa mita 360 huisha kwa dakika 31 na ushee, yaani nyimbo nne au tano za dansi. Ni kitu imara kuliko kinavyoonekana, lakini adui zake ni joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili mwaka mzima. Gundi ya baadhi ya tepe za miaka ya 1970 na 1980 huvuta maji ya hewani, ikalainika, na utepe ukipigwa unaacha unga wake kwenye mashine pamoja na sauti iliyokuwa ndani yake. Tepe nyingine hukauka na kukatika. Zaidi ya hayo, mashine za kuzipigia zimeacha kutengenezwa, na mafundi waliozijua wamestaafu. Redio yenyewe ilibadilika kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002 na baadaye Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na katika miaka ya 2010 kikundi cha Tanzania Heritage Project kilijitokeza kuhamasisha fedha na watu wa kuzihamishia kanda hizo kwenye mfumo wa kidijitali. Nje ya nchi, kampuni ya Ufaransa ya Buda Musique ilitoa mwaka 2007, katika mfululizo wa Zanzibara unaosimamiwa na mtafiti Werner Graebner, mkusanyo wa dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960. Inapendeza kuuona muziki huo ukiheshimiwa Paris. Inauma kuona kwamba ni rahisi kuupata huko kuliko Lushoto.

Teknolojia ya kidijitali imeondoa shida ambazo zilikuwa za lazima zamani. Tangu miaka ya 1990, zilipoanza kusikika studio za watu binafsi za Dar es Salaam kama Mawingu, ile ya Master J, na Bongo Records ya P-Funk, ambazo ndizo zilizoulea muziki wa kizazi kipya, kompyuta moja imeweza kufanya kazi ya chumba kizima cha mitambo. Leo kwaya ya usharika mdogo inaweza kurekodi bila kushuka mlima, na kijana akaunasa mdumange kwa simu yake kwenye arusi. Lakini wingi huu umekuja na hatari ya aina yake. Kanda ya RTD, pamoja na kasoro zote, ilikuwa na boksi, boksi lilikuwa na rafu, na rafu ilikuwa na mtu aliyeajiriwa kuitunza. Rekodi ya simu haina boksi. Inarushwa kwa marafiki, inapotea simu ikiharibika, na hata ikibaki, baada ya miaka kumi hakuna anayejua walioimba ni akina nani na ilikuwa arusi ya nani. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za Usambara zinanaswa sasa zaidi kuliko wakati wowote, na huenda zikaacha alama ndogo kuliko zile chache zilizochukuliwa na gari la kunasia sauti la redio lililopanda kutoka Mombo enzi za utepe.

Hapa desturi ya wachapaji wa Vuga inahitajika upya. Ukurasa wenye jina la mchapaji, mahali na mwaka haukugharimu chochote zaidi ya wino wa mistari mitatu, na ndio uliofanya kazi yao iweze kutafutwa na vizazi ambavyo hawakuvijua. Kwaya, bendi na vikundi vya ngoma vya milima hii vinaweza kufanya vivyo hivyo kuanzia rekodi ijayo: kuandika jina la wimbo na lugha yake, jina la mtunzi, majina ya waimbaji na wapigaji wote hadi wa mwisho, mahali na tarehe; kuandika pia kwamba wenyewe wameridhia inaswe, na nani ana haki ya kuiuza; na kuweka nakala mahali pawili pasipotegemeana, mojawapo ikiwa ofisi ya usharika, shule au maktaba ya wilaya. Mwenye kaseti za zamani zilizonaswa kutoka redioni, hata zile ambazo sauti ya mtangazaji inaingia kabla chemko haijaisha, asizitupe, kwa sababu huenda ndizo nakala pekee zilizobaki za nyimbo ambazo utepe wake mama umekwisha haribika. Na aliye na mzee nyumbani anayezijua nyimbo za mdumange kwa Kishambaa cha zamani asingoje mtafiti kutoka chuo kikuu. Amkalishe mzee huyo mahali patulivu, amweleze anachotaka kufanya, akubaliane naye, kisha awashe kinasa sauti mwaka huu huu.